Betri Inayokufa kwa Njaa

Je, wajua kwamba betri mbili, moja imeandikwa 200 na nyingine 100, zinaweza kuwasha nyumba moja kwa usiku uleule?

Swali hili lina maana Nguba, mtaa wa Bukavu ulio kando ya Ziwa Kivu, karibu na pale Mto Ruzizi unapotoka. Kilomita chache chini ya mto liko bwawa la Ruzizi I, la miaka ya 1950. Mwaka 1989 ikaongezwa Ruzizi II, ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Hata hivyo SNEL, shirika la umeme la Kongo, hukata umeme. Mitambo imezeeka, mji umefurika watu, na plastiki zinazoteremka na mifereji ya vilima huelea ziwani mpaka zikaenda kukwama bwawani. Ndiyo sababu paneli za jua zimejaa juu ya mabati. Paneli hazina shida kubwa. Pesa hupotelea kwenye betri.

Hesabu haianzii dukani, inaanzia usiku. Taa sita za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 210. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne, 200. Simu za nyumba nzima na kisanduku cha intaneti, tuseme 150. Friji ndogo isiyo na tamaa, 400 hadi asubuhi. Jumla 960, na inveta nayo hula fungu lake, fanya 1,100. Pasi haimo humo, wala jiko la umeme. Pasi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 80, na waya ukiwa mwembamba utasikia harufu kabla nguo haijanyooka.

Betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 200 ina wati-saa 2,400 kwa maandishi. Lakini ndani ni risasi, na risasi haitaki kumalizwa. Fundi mzuri atakwambia utumie nusu, yaani 1,200. Tena hiyo 200 yenyewe ina masharti: mara nyingi imepimwa kwa kunyonywa polepole, ampea 10 kwa saa 20. Ukiikamua kwa saa tano itatoa pungufu, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza tangu 1897. Lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8 na Ah 100, ina 1,280, na asilimia 90 yake inatumika bila kuiumiza: 1,150. Kazi ni ileile. Moja ina kilo 60 hivi, nyingine kumi na kitu, na anayezijua ngazi za Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi.

Ila uzito si hoja kubwa. Hoja ni mvua, inayoanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Paneli za wati 400 zinazoijaza betri Julai bila taabu, Novemba huishia njiani. Risasi ikilala nusu tupu siku baada ya siku, salfati huganda kwenye sahani zake, ikawa ngumu, na sehemu hiyo haipokei tena chaji. Watu husema betri imechoka. Kwa kweli imekufa kwa njaa. Lithiamu haijali kukaa nusu.

Kwa hiyo kwa nyumba ya Nguba ningechagua lithiamu, ijapokuwa bei yake inauma siku ya kwanza, na chaja ya kuijaza kila SNEL inaporudi. Akiba ya siku tatu za mawingu, inayoshauriwa sana, inafaa kijiji kisicho na waya. Hapa waya upo, hata kama ni msumbufu. Usiku mmoja na nusu unatosha, yaani Ah 150 hivi.

Jambo moja Bukavu imejaliwa ni baridi. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila digrii 10 zinazozidi 25. Mombasa ingezeeka mapema. La kuchekesha ni hili: Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, lakini lithiamu ya aina hii, iliyozaliwa katika maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990, haina hata chembe ya kobalti.

Sokoni, betri ya jeli ipime kwa mizani. Inayodai Ah 200 na ina kilo 35 inasema uongo, kwa sababu risasi haifichiki. Lithiamu haikamatwi hivyo, wala kwa kipima volti, maana volti zake hubaki karibu palepale mpaka iishe. Ijaze, ifungie taa ya gari ya wati 55, utazame saa: Ah 100 za kweli huiwasha karibu saa 20. Ikizimika saa ya tisa, irudishe ukiwa bado na risiti.