Wanawake 11 Ushorobani

Mwaka 1985, wanawake 11 Weusi na wenye asili ya Asia walionyesha kazi zao ICA, taasisi ya sanaa za kisasa jijini London. Kazi hizo zilitundikwa ushorobani. Aliyeandaa maonyesho hayo, The Thin Black Line, alikuwa mmoja wao: Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, 1954. Baba yake alifariki Lubaina akiwa bado mchanga, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza.

Himid hakuajiriwa kuandaa maonyesho. Alijitwika kazi hiyo kwa sababu kumbi kubwa hazikuwaita wasanii kama yeye, na si kila mchoraji anayetafuta jina angekubali kugawana ukuta na wenzake. Himid alishinda Turner Prize, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 63. Veronica Ryan, mwenzake wa ushorobani, aliipata 2022, mwaka ambao Sonia Boyce, mwingine wa wale 11, alitwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice.

Himid alisomea usanifu wa jukwaa, na hilo linaonekana katika Naming the Money, kazi ya 2004: watu 100 wa mbao bapa, wenye kimo cha mtu, Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya. Wamo wapiga ngoma, mafundi viatu, wachora ramani, hata wafunza mbwa. Mgeni hupenya katikati yao. Akizunguka mgongoni mwa mmoja wao anakuta karatasi yenye jina la mtu huyo la kwao, jina alilobandikwa na bwana, kazi yake ya zamani, ya sasa, na kinachompa moyo. Hapo mgeni hujifundisha kwa miguu yake, tena bila mhadhara.

Mwaka 2007 alihamia mezani. Mji wa Lancaster, Uingereza, ulikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Himid akakusanya vyombo 100 vya mitumba, sahani, majagi na mabakuli, akachora juu yake watumishi Weusi na mabwana wanaotapika. Vyombo hivyo vilionyeshwa Judges' Lodgings, makumbusho ya mji huo yenye samani za kifahari.

Huchora kanga pia, na kuzitia maneno, mara nyingi ya Kiingereza. Wageni wa Ulaya huanza na rangi. Mswahili huinamia maneno kwanza, atafute jina la kanga.