Kwa Nini Karani Huumwa Shingo?

Mtu aliyelima shamba la mahindi tangu alfajiri akisema mgongo unamwuma, hushangai. Lakini mtazame karani wa ofisi ya halmashauri, mjini Tarime au Mugumu wilayani Serengeti. Kutwa nzima ameketi mbele ya kompyuta, wala hakuinua kitu kizito kuliko faili. Jioni hurudi nyumbani ameshika shingo. Amebeba nini?

Nyosha mkono mbele, ushike kitabu hiki bila kuutikisa, na uhesabu polepole mpaka 100. Bega litachoka, kisha litauma. Pumzika. Sasa kiinue kitabu hicho na kukishusha mpaka pajani, tena na tena, kwa muda ule ule. Je, maumivu ni sawa?

Msuli unapofanya kazi hujikaza na kuibana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake. Unapolegea, damu hupita tena ikileta oksijeni na chakula. Msuli uliokazwa muda mrefu bila kulegea hukosa damu ya kutosha, nao huuma.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Shika jembe mwisho wa mpini, chuma kikiwa juu, lisimame wima. Ni rahisi. Liinamishe kidogo kidogo (angalia usimgonge mwenzako). Uzito wake haukuongezeka, lakini mkono unataabika kulizuia. Misuli ya shingo hutaabika vivyo hivyo karani anapoinamia kioo kilicho chini mno. Kompyuta ya mpakato ina taabu zaidi, kwa kuwa kioo na kibodi vimeshikana: ukiinua kioo, mikono nayo hupanda.

Kiti kisicho na egemeo huchosha mgongo. Anayechapa huku kifundo cha mkono kimepinda huweza kuibana neva ipitayo hapo, vidole vikafa ganzi. Na mwisho wa mwezi, hesabu zinapotakiwa upesi, karani husahau hata kusimama!

Afadhali asimame kila baada ya nusu saa hivi, apeleke faili mwenyewe, na ainue kioo kifikie usawa wa macho. Ganzi au maumivu yasipokwisha, aende zahanati.

Sasa mtazame jirani yako anapoandika. Je, nyayo zake zimefika sakafuni? Kichwa chake kimeinama kiasi gani?