Kivumishi "Free" na Tafsiri Zake

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi hujifunza mapema, na mfasiri huendelea kuvikosea hata uzeeni, kimo "free". Kamusi humpa visawe viwili, "huru" na "bure", naye hushika kimojawapo bila kuitazama nomino.

Tuchukue mfano wa Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, ambako maandishi mengi yamefasiriwa kwa ajili ya wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ilipokea Warundi kuanzia mwaka 2015, na safari rasmi za kuwarejesha kwao zilianza Septemba 2017. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza mkimbizi kurejeshwa kinyume cha hiari yake. Basi Kiingereza cha shughuli hizo hutaka uamuzi wa mkimbizi uwe "free", na usafiri wake nao uwe "free". Neno ni moja, maana ziko mbalimbali kabisa.

Usafiri ni wa bila malipo. Uamuzi ni huru, yaani haukushurutishwa. Mfasiri akiandika "uamuzi wa bure" amesema uamuzi usiofaa kitu; na akiandika "mtarudishwa bure", msomaji ana haki ya kudhani kwamba safari yenyewe ni kazi bure. Neno hili hubeba hasara pamoja na ukarimu: twasema "amehangaika bure", twasema pia "mtu bure". Kwa hiyo katika hati ambayo mtu ataitia dole gumba, sisi twapendelea "bila malipo". Waraka wa elimu wa mwaka 2015 nao ulitumia "elimumsingi bila malipo", ingawa barazani watu husema "elimu bure".

Kwingineko yatosha kuuliza: "free" kwa kukosa nini? Kiti hakina mtu. Chakula hakina sukari. Mwalimu ana nafasi saa nne. Tukimwita "huru" saa nne, wanafunzi watadhani ametoka mahabusu.

Limebaki jambo la "hiari". Mtu aweza kukubali kurejea kwa hiari hali ameelezwa nusu ya habari. Ndiyo maana Kiingereza huongeza kwamba uamuzi huo uwe wa mtu aliyefahamishwa. Twashauri "uamuzi huru, wenye taarifa kamili", wala maneno matatu ya mwisho yasiachwe kwa ajili ya kubana nafasi katika fomu.