Mbadilishano wa Kromosomu katika Lukemia ya Burkitt

Miongoni mwa saratani za damu zitokanazo na chembe za B, iko moja iliyo adimu iitwayo lukemia ya Burkitt. Nayo ni ndugu wa uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago mjini Kampala, aliueleza mwaka 1958 kwa kuwachunguza watoto wa Uganda. Chembe ni zile zile: zikijikusanya mahali na kufanya uvimbe huitwa limfoma, zikiujaza uboho wa mifupa na kumwagika katika damu huitwa lukemia.

Chembe ya mwanadamu ina kromosomu 46, hesabu ambayo Tjio na Levan waliithibitisha huko Lund, Sweden, na kuitangaza mwaka 1956. Kabla ya hapo vitabu vilifundisha 48. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona kwamba katika uvimbe wa Burkitt kromosomu moja ya 14 imerefuka isivyo desturi. Miaka minne baadaye Lore Zech na wenzake walionyesha kuwa nyongeza ile ilitoka katika kromosomu ya 8. Kila moja hukatika, na vipande vya mwisho hupeana nafasi.

Katika kipande kiondokacho kwenye kromosomu ya 8 mna jeni iitwayo MYC, ambayo huiamrisha chembe ikue na kugawanyika. Katika chembe yenye afya amri hiyo hutolewa kwa kiasi, kisha hunyamazishwa. Lakini huko iendako, katika kromosomu ya 14, jirani zake ni jeni za minyororo mizito ya kingamwili. Na kwa kuwa kutengeneza kingamwili ndiyo kazi ya chembe ya B, mtaa ule haulali. MYC ikishaingia humo, hainyamazi tena. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1982.

Tuliiteje tukio hili kwa Kiswahili? Neno “uhamisho” huja upesi ulimini, walakini lina dosari. Katika wagonjwa wanane hivi kwa kila kumi ni kweli kwamba MYC imehama. Kwa waliosalia, kromosomu ya 8 hupeana vipande na ya 2 au ya 22, zilimo jeni za minyororo miepesi ya kingamwili. Hapo MYC hubaki kwao palepale, na jirani mwenye kelele ndiye ajaye. Kwa hiyo naona “mbadilishano” lafaa zaidi, maana halisemi nani kahama. Kulitohoa neno la kigeni kungetupa sauti tu, bila maana.

Dosari nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Mama aambiwaye kwamba mwanawe ana “ugonjwa wa kromosomu”, pasipo maelezo, huenda akafahamu ugonjwa wa ukoo, akajilaumu au akalaumiwa na wakwe. Mbadilishano huu haurithiwi. Hutokea katika chembe moja ya B wakati wa uhai wa mgonjwa, na wazao wa chembe hiyo peke yao ndio huubeba. Hapana budi neno “uliozuka” au mfano wake liambatane na maelezo yote ya kasoro hii.

Sababu ya kukatika nayo imo katika kazi ya chembe yenyewe. Chembe ya B hukata na kuunga upya jeni zake ili ipate kingamwili ya kufaa, na mara chache mkato huangukia pasipo pake. Malaria ya kurudiarudia huzidisha shughuli hiyo. Majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 2015 yaliunga mkono rai hii. Aidha, virusi ambavyo Epstein, Achong na Barr walivigundua mwaka 1964, katika chembe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda, huzisaidia chembe zilizoharibika zisife.

Kuutambua ugonjwa mapema ni jambo la dharura, kwani chembe hizi zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lukemia kali iliyo ya kawaida kwa watoto hutibiwa kwa miaka miwili au mitatu. Hii hutaka dawa nzito kwa miezi michache. Hata hivyo mbadilishano peke yake si hukumu, maana huonekana pia katika limfoma nyingine kali. Mchunguzi hana budi kuulinganisha na sura ya chembe chini ya hadubini, pamoja na alama zilizo juu ya utando wake.