Mjomba, Mbona Unapanda Mlima Umelala?

Njooni karibu, wanangu. Sogeeni, barazani pana nafasi. Jana huyu mpwa wangu mdogo aliniuliza swali, nami nimelala nalo usiku kucha. "Mjomba," aliniambia, "watu wote wanaendesha baiskeli wamekaa. Wewe mbona umelala?"

Swali zuri! Anayeuliza hivyo ana macho. Leo nitamjibu, na jibu lenyewe lina cheni ndani yake.

Chombo changu mnakijua. Si guta la kubebea mizigo. Ni baiskeli ya magurudumu matatu, mawili mbele, moja nyuma. Nimeiunga mwenyewe kwa mabomba ya chuma na vipande vya baiskeli zilizokufa. Kiti kiko chini, kina mgongo wa kuegemea. Miguu inatangulia mbele, pedeli ziko huko huko mbele. Nikipita, hata mbuzi wa jirani wanadhani napumzika.

"Nani alianza uvivu huu, Mjomba?"

Uvivu? Sikiliza. Zamani, kule Ufaransa, baba mmoja aitwaye Charles Mochet alimtengenezea mwanawe Georges kigari cha pedeli chenye magurudumu manne, maana mama mtu aliiogopa baiskeli. Kigari kikaenda mbio kweli kweli. Baadaye Mochet akaunda baiskeli ya kulalia. Mwaka 1933, Francis Faure akaipanda, akakata zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja, akavunja rekodi ya dunia. Wakubwa wa mashindano wakanuna. Mwaka 1934 wakaipiga marufuku mashindanoni. Na mimi ningenuna, kama ningekuwa nimeshindwa na mtu aliyelala!

"Kwa hiyo na yako inakimbia?"

Barabara ikiwa tambarare, ndiyo. Ila mlimani iliniumbua.

Mnaijua njia ya kutoka Mombo kwenda Lushoto? Ni kilomita 30 na kidogo, kona juu ya kona, na inapanda karibu mita 1,000. Siku ya kwanza niliondoka Mombo nikipiga mluzi. Kabla ya Soni mluzi ulikuwa umekwisha. Magoti yalilia. Pedeli zikawa nzito kama mlango uliokwama. Mama mmoja mtu mzima, na mzigo wa kuni kichwani, akanipita kwa miguu. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba, baba. Unaumwa?"

Nilisimama chini ya mti, nikaitukana cheni. Basi, cheni ikajibu.

"Unanilaumu nini?" ikasema. "Mimi sijui mlima. Mimi najua meno."

"Meno gani?"

"Sproketi ya mbele, kwenye pedeli, ina meno 44. Ukizungusha pedeli mara moja, napita meno 44. Ile ya nyuma ina meno 22. Haya, ya nyuma inazunguka mara ngapi?"

Nani anajua? Mara mbili! Mwanangu, wewe utakuwa fundi.

"Gurudumu lako la nyuma ni dogo," cheni ikaendelea. "Likizunguka mara moja, linakula mita moja na nusu ya barabara. Likizunguka mara mbili, mita tatu. Yaani kila ukizungusha pedeli mara moja tu, unataka nikupandishe mita tatu za mlima. Mimi sijui mlima. Mimi najua meno. Niletee meno mengine."

Nikarudi nyumbani, nikahesabu meno kwenye makorokoro yangu yote. Mbele nikaongeza sproketi ndogo ya meno 24. Nyuma nikaweka kubwa ya meno 36. Mbele ndogo, nyuma kubwa. Sasa pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu halimalizi hata duara zima. Linakwenda theluthi mbili tu. Theluthi mbili za mita moja na nusu ni ngapi? Mita moja.

"Lakini Mjomba, umepunguza mwendo!"

Nimepunguza, ndiyo. Na nimenunua nini kwa huo mwendo? Fikirini mama amewatuma mpandishe ndoo ya mchanga ngazini. Mnaweza kuibeba nzima, uso umekunjana, mgongo unalalamika. Au mnaweza kuugawa mchanga kwenye makopo matatu, mkapanda mara tatu. Mchanga ni ule ule. Ngazi ni zile zile. Mgongo ndio unaoijua tofauti.

Gia ni kopo. Haipunguzi mchanga.

Ngoja niwaonyeshe kwa kilo. Mimi, chombo changu na mzigo tuna kilo 100. Tukifika mahali ambapo kila mita 10 za njia zinapanda mita 1, mlima unanivuta nyuma kama ndoo ya kilo 10 iliyofungwa kwa kamba. Sasa tazameni mkono wa pedeli. Wangu una sentimita 17. Ukizunguka mara moja, mguu umetembea kama mita moja. Kwa gia mpya, mguu ukitembea mita moja, chombo nacho kinatembea mita moja. Basi mguu unasukuma kama kilo 10. Kwa gia ya zamani, mguu unatembea mita ile ile moja, chombo kinatakiwa kitembee mita tatu. Mguu utasukuma kilo ngapi? Thelathini! Tena huo ni wastani wa mzunguko mzima. Pale mguu unaposukuma hasa, huwa ni zaidi. Ndiyo maana magoti yalilia.

"Lakini kaka anapanda mlima na baiskeli isiyo na gia!"

Umeona vizuri. Kaka yako hufanyaje mlima ukikaza? Anasimama. Anaukalisha uzito wake wote juu ya pedeli. Mimi nimelala, nitasimamaje? Nabaki kuegemeza mgongo kwenye kiti na kusukuma kwa miguu, kama mtu aliyeegemea ukuta akisukuma mlango. Ukisukuma kwa nguvu mno, mgongo na magoti vinakaangwa pamoja. Kwa hiyo aliyelala anahitaji gia ndogo kuliko aliyekaa.

Ila nina siri moja ambayo kaka hana. Baiskeli ya magurudumu mawili ikienda polepole sana inayumba, inaanguka. Yangu? Magurudumu matatu hayaombi mwendo ili yasimame. Nikizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, nakwenda kilomita 3.6 kwa saa. Mama wa kuni atanipita tena, na nitamwamkia nikiwa na pumzi.

Basi mnapojenga ya kwenu, msianze na mbio. Anzeni na mlima mkali kuliko yote mtakayoipanda, mchague gia inayoutosha. Za tambarare zitafuata. Mimi mbele nina 24 na 44, nyuma kuanzia 11 hadi 36. Meno 44 mbele na 11 nyuma, hiyo ni mita sita kwa mzunguko. Tambarare naruka! Lakini tofauti ikiwa kubwa hivyo, ule mkono wa nyuma unaokaza cheni lazima uwe mrefu. Na cheni yenyewe, kwa kuwa pedeli ziko mbali, niliunganisha karibu tatu za kawaida.

"Kwa nini usiweke gia ndogo zaidi, Mjomba? Ndogoo!"

Nilijaribu. Kwenye kokoto gurudumu la nyuma likazunguka bure, likitupa mawe, chombo kimesimama kama punda aliyegoma. Gurudumu linalosukuma ni moja tu, na uzito mwingi uko mbele. Sasa nikienda njia ya vumbi, gunia la mahindi nalifunga juu ya gurudumu la nyuma.

Haya, kazi ya leo. Chukueni chaki. Tieni alama kwenye tairi la nyuma la baiskeli ya kaka, na nyingine chini yake, ardhini. Zungusheni pedeli duara moja kamili, msizidishe. Pimeni imekwenda mita ngapi, kisha hesabuni meno, mbele na nyuma. Kesho jioni mniletee namba zote tatu, nami nitawaambia mlima upi utamshusha kaka.