Kabla ya Kupanda Basi la Sikukuu



Mwisho wa mwaka umefika. Sisi wachuma chai na wakata miwa wa Uganda tunafunga mizigo kwenda kwetu. Huko tutaziba paa, tutapalilia migomba, na jioni tutacheza mweso na wazee. Mapumziko hayo tumeyatolea jasho.

Lakini kwanza tusome karatasi ya mshahara. Kwa sheria ya mwaka 1985, mwajiri hukata asilimia 5 ya mshahara wetu, naye huongeza asilimia 10 yake, zote ziende NSSF. Mwenye mshahara wa shilingi 200,000 hukatwa 10,000. Mwajiri huongeza 20,000. Kwa mwaka ni 360,000, bila kuhesabu faida.

Mwenzetu mmoja alikatwa miaka mingi. Alipofikia miaka 55, umri wa kulipwa, alikuta fedha za miezi mingi hazikupelekwa. Sasa ni mzee, na bado anapalilia mashamba ya watu.

Basi kila mmoja wetu aulize hesabu yake NSSF kabla ya safari. Ikipungua, amwone mwakilishi wa chama. Na karatasi za mshahara tusiwashie moto: ndizo ushahidi wetu.