Mmea Utambaao Uzioni: Uzuri na Usalama wa Boma



Apandaye mlima wa Mbuya, jijini Kampala, hupita kando ya kuta zilizofunikwa kwa bogenvilia za zambarau na nyekundu. Ni mandhari ya kupendeza, nasi hatuna ugomvi nayo. Hata hivyo, sisi askari polisi tunapoutazama uzio hujiuliza kwanza: je, jirani aliye barabarani aweza kumwona mtu aliyejibanza nyuma yake? Mmea unaoziba kila tundu humsitiri mwenye nyumba, lakini humsitiri pia mwizi aliyekwisha kuruka. Jirani husikia kelele usiku, asione kitu.

Kwa sababu hiyo, aina ya uzio ndiyo iamue aina ya mmea. Kwenye ukuta wa matofali, bogenvilia inafaa kwa miiba yake. Haina vikono vya kushikia, hivyo sharti ifungwe kwenye nyaya. Shina likiachwa linenepe miaka mingi bila kupunguzwa, huwa ngazi.

Kwenye uzio wa seng'enge tunapendelea mkarakara, yaani pasheni, ambao matunda yake Waganda huyaita obutunda. Huu hushika wavu kwa vikono vyake wenyewe, hulisha watoto, na ukipunguzwa vizuri huacha nafasi ya kuonea. Ule wa matunda ya zambarau hupenda miinuko yenye ubaridi, kama Mbuya au Katuna. Wa manjano huvumilia joto, basi ndugu zetu wa Elegu wauchague huo. Lakini mche wa manjano ulio peke yake aghalabu hauzai: maua yake huhitaji chavua ya mche mwingine usio wa ukoo wake, iletwayo na wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao. Wengi huung'oa wakidhani ni tasa, kumbe umekosa mwenzi.

Pandeni mvua zinapoanza. Kwa Kampala ni Machi na Septemba. Chimbeni shimo la sentimita 45 kila upande, changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza, na acheni mita 3 kati ya mche na mche. Kuzeni shina moja hadi waya wa juu, kisha mkate ncha ili litawanyike kulia na kushoto. Matawi ya chini, hadi kimo cha kiuno, yaondolewe. Msiogope mkasi, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Jambo linalowagusa ninyi wa Busia, Malaba na Mutukula kuliko wakazi wa Mbuya ni miche ivushwayo mpakani. Mche mmoja ndani ya gunia waweza kubeba virusi, au ukungu wa mnyauko ambao hukaa udongoni miaka mingi na kuyaangamiza mashamba ya majirani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu kinga na afya ya mimea inataka kibali cha Wizara ya Kilimo, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi itokako. Waulizeni wakaguzi wa mimea walio mpakani kabla ya kununua ng'ambo.

Mmea usifikie kamwe nyaya za umeme wala kuifunika taa ya langoni. Na iwapo matunda yameningíinia upande wa jirani, mwenyekiti wa LC 1 anatosha kuwapatanisha. Si lazima kesi ya karakara ifike kituoni.